Wajukuu zangu wa kidato cha tatu hapa Kasese, anzeni na ioni

Wajukuu zangu, hamjambo.

Jioni nikipita nawasikia mkiimba majina ya kemikali kutoka daftarini, juu hadi chini, kisha chini hadi juu. Kukariri si dhambi. Tatizo ni kwamba mnakariri majina ya kampaundi, yaani vitu vilivyoundwa na elementi zilizoungana, ambazo hazina mwisho, na kuziacha ioni, yaani atomi au vikundi vya atomi vyenye chaji ya umeme, ambazo zile za ngazi yenu zinaenea ukurasa mmoja.

Chukueni chumvi ya Ziwa Katwe. Maji ya ziwa lile hayana pa kutokea, jua linayakausha, na kinachobaki si chumvi ya mezani peke yake. Mna ioni za sodiamu na potasiamu, kila moja ina chaji chanya moja. Upande wa pili mna kloraidi, salfeti, kaboneti na haidrojenikaboneti. Sodiamu ikishikana na kloraidi, hiyo ni sodiamu kloraidi, NaCl. Ikishikana na salfeti, yenye chaji hasi mbili, lazima sodiamu ziwe mbili: Na₂SO₄. Jina linabaki sodiamu salfeti, bila "di", yaani mbili, mbele, maana chaji zimeshakuambia idadi. Ioni sita tu, na tayari unaweza kutaja kampaundi nane.

Alama nyingi mnazipoteza kwenye mikia ya majina. Salfaidi, S²⁻, haina oksijeni. Salfaiti ni SO₃²⁻, salfeti ni SO₄²⁻. Mtu akiona hivyo anajiwekea kanuni kwamba "-aiti" ni oksijeni tatu, halafu naitraiti inamwangusha: hiyo ni NO₂⁻, na yenye tatu ni naitreti, NO₃⁻. Mkia "-aiti" unasema tu kwamba oksijeni ni pungufu kuliko kwenye "-eti". Haidroksaidi, OH⁻, ina oksijeni na bado inaishia na "-aidi". Hiyo ishikeni hivyo hivyo. Na jamani, amonia ni gesi, NH₃. Amoniamu ni ioni, NH₄⁺.

Sasa shaba, ambayo sisi wa Kilembe, kwenye mgodi wa shaba, hatuna ruhusa ya kuikosea. Shaba inaweza kubeba chaji za aina zaidi ya moja, ndiyo maana jina lake hubeba namba ya Kirumi. Shaba(I) oksaidi ni nyekundu, Cu₂O. Shaba(II) oksaidi ni nyeusi, CuO. Tazameni vizuri: yenye atomi mbili za shaba ndiyo iliyoandikwa I. Namba ile ni chaji ya shaba, haihesabu atomi. Oksijeni ina hasi mbili, kwa hiyo shaba za chanya moja lazima ziwe mbili. Mkiulizwa, anzeni na oksijeni, mtafute shaba inadaiwa kiasi gani.

Ule mrututu wa buluu ni shaba(II) salfeti yenye maji ndani ya fuwele zake. Mrututu ni jina zuri la dukani, ila halikuambii kilichomo. Ndiyo sababu mwaka 1787 Guyton de Morveau, Lavoisier na wenzao wawili walichapisha Paris utaratibu wa kuipa kemikali jina linalotaja vilivyoiunda. Namba za Kirumi zilikuja baadaye sana, kwa pendekezo la Mjerumani Alfred Stock.

Zisizo metali zikiungana zenyewe kwa zenyewe, hakuna chaji ya kukuhesabia, basi jina ndilo linahesabu: kaboni monoksaidi, CO, kaboni dioksaidi, CO₂. Hiyo ya pili tunaitoa kifuani kila tunapopumua. Ya kwanza, ikitoka kwenye sigiri ya makaa ndani ya chumba kilichofungwa, inaua watu usingizini. Hapo sitaki mtu aniambie "ni karibu sawa".

Jumamosi nipo. Njooni na ukurasa mmoja wa ioni mlioandika kwa mikono yenu, chaji zikionekana. Orodha ndefu ziacheni nyumbani.

Babu yenu wa maabara,
Kilembe