CRP si kipimo cha mawe ya nyongo

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nijibu makala ya afya iliyotoka wiki mbili zilizopita, iliyowaeleza wasomaji kwamba protini ya damu iitwayo CRP ndiyo inayozalisha mawe katika kifuko cha nyongo, na kwamba anayeishusha kwa maji ya ndimu na mafuta ya zeituni amekwisha kujikinga. Nimefanya kazi ya maabara hapa Moshi hadi nilipostaafu, na tangu makala hiyo itoke majirani wananijia nyumbani na vyeti vyao mkononi, wakitaka kujua kama wana mawe.

Protini hii si jambo geni. Iligunduliwa mwaka 1930 na William Tillett na Thomas Francis wa Taasisi ya Rockefeller, New York, katika damu ya wagonjwa wa nimonia, na ile herufi C ni jina la sukari iliyo kwenye ukuta wa bakteria wa nimonia, ambayo protini hiyo huinasa. Hutengenezwa na ini, wala kifuko cha nyongo hakihusiki kuitengeneza. Sehemu yoyote ya mwili ikiumia au ikiingiliwa na vimelea, chembe za kinga hutoa kemikali iitwayo intaleukini-6, nalo ini likishapata taarifa hiyo huanza kumwaga CRP katika damu. Kiwango huanza kupanda baada ya saa 6 hivi, hufika kileleni karibu na saa 48, na chanzo kikitulia hupungua kwa nusu kila baada ya saa 19 hivi. Mbiu ya mgambo ikilia ina jambo, lakini mbiu hii haitaji nyumba iliyovamiwa: malaria huipandisha, nimonia huipandisha, hata jipu la jino huipandisha.

Mawe yenyewe yana historia nyingine. Mengi huanza pale nyongo inapozidiwa na kolesteroli kuliko inavyoweza kuiyeyusha, na kwa wenye ugonjwa wa selimundu hutokana na rangi ya chembe nyekundu zinazovunjika kila siku. Watu wengi wenye mawe hayo huishi nayo miaka bila kuumwa, na CRP yao ikipimwa siku ya kawaida haionyeshi chochote. Ni kweli kwamba watu wanene mara nyingi huwa na CRP iliyopanda kidogo na pia huwa na mawe kuliko wengine, kwa kuwa mafuta ya mwilini nayo hutoa intaleukini-6. Nadhani mwandishi wa makala aliviona viwili hivi vikiongozana, akaamua kimoja ni mzazi wa mwenzake.

CRP huwa na la kusema pale jiwe linapoziba shingo ya kifuko na kifuko chenyewe kikaanza kuvimba. Mwanzoni uvimbe huo hutokana na nyongo iliyokwama, bakteria hufuata baadaye, na ndiyo maana saa chache za kwanza kipimo kinaweza kutoka safi kabisa huku mgonjwa anajikunja kwa maumivu.

Shemeji yangu, mke wa kaka, alipata haya Kibosho baada ya Krismasi, siku ambazo nyumba zetu zote zinanuka nyama ya mbuzi. Mlo wa mafuta hukifanya kifuko kijikamue, na usiku ule maumivu yalimshika chini ya mbavu za kulia yakapanda hadi begani. Siku ya tatu alikwenda kupima mahali fulani mjini ambapo sitapataja. Cheti kiliandikwa CRP 9.6, basi, bila kipimio. Aliyekisoma alikumbuka kwamba kawaida ni chini ya 10, akamwambia damu ni nzuri, akampa vidonge vya kupunguza asidi kwa ajili ya vidonda vya tumbo. Niliposhika karatasi ile nilipiga simu kuuliza mashine yao inasoma kwa kipimio gani. Nikajibiwa, miligramu kwa desilita. Kwa lita, ambayo ndiyo hesabu ya ile 10, hiyo ni 96. Jioni hiyo daktari wa hospitali nyingine alimbonyeza chini ya mbavu akamwomba avute pumzi. Alifika katikati, akakatisha, akamshika daktari kiganja. Altrasaundi ilionyesha jiwe shingoni mwa kifuko na ukuta uliovimba. Alifanyiwa upasuaji, na leo yuko shambani kwake.

Nimesimulia kisa hiki kwa sababu namba ilikuwa sahihi na usomaji wake ndio uliokosewa. Miongozo ya Tokyo, ambayo madaktari wa nchi nyingi huifuata na iliyorekebishwa mwaka 2013 na 2018, huiweka CRP pamoja na homa na wingi wa chembe nyeupe kuwa ishara za mwili mzima. Ishara moja ya hapo, ikikutana na ile ya kukatisha pumzi au maumivu ya upande wa kulia, inatosha kushuku kifuko kimevimba. Kuthibitisha kunahitaji picha. Peke yake CRP haithibitishi kitu. Ugonjwa ukishajulikana, kiwango kikubwa sana humwonya mpasuaji kwamba huenda kifuko kimeanza kuoza na kazi itakuwa ngumu, na hapo ndipo ninapoona thamani yake kubwa, kuliko kwenye mabango ya mjini yanayotangaza kupima nyongo kwa tone la damu.

Kuhusu ndimu na zeituni sina ugomvi na mboga wala matunda ya mtu. Ila mafuta yanayonywewa kikombe kizima humkamua kifuko mwenye mawe kama nyama ya mbuzi ilivyomfanyia shemeji yangu, na nisingependa msomaji wako ajaribu usiku, mbali na hospitali.

Naomba gazeti lichapishe marekebisho ya makala ile. Na kwa wenzangu walio bado kwenye benchi la maabara: andikeni kipimio mbele ya kila namba, hata foleni ikiwa ndefu.

Mstaafu wa maabara,
Majengo, Moshi