Zuhura, mdogo wako hababaiki kwa uongo

Tanga, Jumapili jioni

Shoga yangu Zuhura,

Salamu nyingi. Huku hatujambo, ila mama goti linamsumbua tangu mvua zilipoanza. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili, nikaona maneno yenyewe si ya simu, bora nikuandikie.

Unaniuliza kama mdogo wako Idi anasema kweli kuhusu maisha yenu kwa baba mdogo, au ni ugonjwa unaomsemesha. Shangazi zako naona wameshahukumu: mtu mwenye skizofrenia, ugonjwa wa akili unaomfanya mtu asikie na kuamini yasiyokuwepo, aliyewahi kuapa kuwa redio inamtaja jina, ataaminiwaje akisema alikuwa akifungiwa stoo na kulala njaa? Tena akiulizwa lini, nani alikuwepo, ilianzaje, anababaika. "Tulikuwa tunafungiwa," basi, hapo hapo anakomea. Na wewe uliyekuwa bweni miaka ile umeanza kuyumba.

Nimekaa na wagonjwa wa akili wodini muda mrefu, Zuhura. Kubabaika huko nakujua, na si ushahidi wa uongo.

Mwaka 1986 Waingereza wawili, Williams na Broadbent, waliandika kuhusu watu waliotoka kujaribu kujiua. Waliwapa neno moja, la furaha au la huzuni, wakawaambia wasimulie tukio moja la maisha yao linalohusiana nalo. Wengi hawakuweza kutoa siku moja, walitoa jumla: "nikienda kutembea", "nilipokuwa nikigombana na mama". Baadaye watafiti wa Ufaransa wakakuta jambo hilo hilo kwa wenye skizofrenia. Maisha wanayajua, ila siku moja moja haziji kirahisi.

Nililiona kwa macho yangu kwa kijana mmoja hapa. Nilimwuliza habari za Idd utotoni. "Idd tulikuwa tunapikiwa pilau." Idd ipi? "Zote." Nikanyamaza, nikaendelea kukunja mashuka. Nimeshasahau kama nilimwuliza kitu, mara akasema: "Kanzu yangu ilitoboka mfuko, senti zikamwagika msikitini, imamu akacheka." Kumbe ilikuwepo. Ungemshikia bango mbele ya wazee, angekwambia pilau mpaka magharibi.

Kwa nini iwe hivyo, wataalamu bado wanavutana. Wapo wanaosema mtoto aliyeteswa hujifunza mapema kutoingia ndani ya kumbukumbu, anaishia mlangoni kwa sababu humo ndani panauma. Wengine wanasema ugonjwa wenyewe ndio unaovuruga kuhifadhi na kutafuta. Mimi naona yote mawili yanaweza kuwa kwa mtu mmoja, na naongeza la tatu ambalo nyumbani hamlijui: vile vidonge vya artane anavyopewa ili sindano yake ya ugonjwa isimkakamaze mwili na kumtetemesha mikono, navyo hupunguza kumbukumbu. Usivikatishe wewe, nakuomba. Muulize daktari kama bado anavihitaji vyote.

Ama hilo la kuaminika, Waingereza walifanya jambo la maana sana. Waliwauliza watu waliopata saikosisi, yaani kusikia au kuamini yasiyokuwepo kama Idi na redio yake, kuhusu mateso ya utotoni, wakaja kuwauliza tena baada ya miaka saba. Kwa sehemu kubwa majibu yalikuwa yale yale, na ukali wa dalili siku ya kuulizwa haukuyabadilisha. Waambie shangazi zako hilo. Redio inayomtaja jina na stoo ya baba mdogo si lazima zitoke chungu kimoja.

Lakini nawe usiruke upande wa pili. Najua ulishaniambia "yule mzee ndiye aliyemharibu mdogo wangu." Ni kweli, mwaka 2012 tafiti nyingi zilijumlishwa pamoja, ikaonekana aliyepata mateso utotoni yuko kwenye uwezekano wa saikosisi karibu mara tatu kuliko ambaye hakuyapata. Uwezekano tu, shoga. Wengi walioteswa hawaugui, na wapo wanaougua waliolelewa kama mayai. Salimu alikua nyumba hiyo hiyo na leo anaendesha lori la saruji mpaka Lusaka. Na babu yenu mzaa mama, yule msiyependa kumtaja, naye alikuwa akiongea na watu wasioonekana. Damu nayo ina sehemu yake. Baba mdogo ana la kujibu kwa alichofanya, hata kama Idi asingeugua kabisa.

Kwa hiyo kikao cha ukoo Jumamosi, zuia. Ukishindwa, basi Idi asiwepo. Kumweka kijana mkekani, wajomba wamemzunguka, kila mmoja na swali lake, ni kumtesa mara ya pili, na mtu akishabanwa hivyo ataokota neno lolote unalomtupia. Ukimwuliza "alikufunga kwa kamba, eti?" kesho utaisikia kamba, na hutajua tena ni yake au ni yako.

Wewe kaa naye tu mkichambua mchele. Mwulize habari za mpira, za mwalimu aliyempenda, za yule mbuzi wenu mwenye pembe moja. Siku moja moja zikianza kurudi kwa upande huo, nzito zitakuja zenyewe akitaka. Akisema jambo, mwambie "nimekusikia", usimdai tarehe. Ila ukiona amekosa usingizi usiku mbili tatu au anaanza kuwajibu watu usiowaona, acheni mazungumzo hayo na umpeleke kliniki, usingoje siku ya sindano.

Niambie shangazi mkubwa amejibu nini kuhusu kikao. Akikataa, nipe namba yake, nitampigia mwenyewe. Ananiheshimu kidogo tangu nilipomdunga sindano bila kumwumiza.

Nisalimie mama na Idi pia, mwambie dada Mwanaidi anamkumbuka.

Wako,
Mwanaidi