Barua ya wazi kwa mafundi vijana wa Kigoma: simamisheni kwanza mchango wa hataza

Wanangu,

Marahaba. Barua yenu imenifikia, na orodha ya vitu vinne mnavyotaka kuvisajili nimeisoma mara mbili: sabuni ya mche ya mawese na mise (mbegu ngumu za mchikichi), taa ya wavuvi wa dagaa, mashine ya mkono ya kubangulia mise, na namba za vifurushi mnavyotuma kwa basi kwenda Kasulu, Kibondo na Tabora. Mmesema mchango umeshaanza kukusanywa. Naomba usimame kidogo. Nawajibu hadharani kwa kuwa wenzenu wa Gungu na Katonga nao wanauliza hilohilo.

Hataza si cheti cha kutundika ukutani. Ni mapatano. Mvumbuzi anaeleza wazi jinsi kitu chake kinavyotengenezwa, kiasi kwamba fundi mwingine aweze kukitengeneza, na serikali inampa haki ya kuwazuia wengine kwa muda. Katika nchi nyingi muda huo ni miaka 20 tangu siku ya kupeleka maombi. Ukiisha, kila mtu ana ruhusa. Tena haki hiyo haivuki mpaka: hataza iliyotolewa Marekani peke yake haimzuii mtu wa Ujiji kutengeneza na kuuza hapa Tanzania. Kwa hiyo kabla hamjaenda BRELA, wakala wa serikali wa usajili, kama wasajili, ingieni Espacenet au Patentscope, maktaba za hataza mtandaoni, kama wasomaji. Ni bure, na simu ya kawaida inatosha.

Mkiifungua hataza, msianze na michoro, ingawa ndiyo inayovutia. Nendeni kwenye madai, aghalabu yako mwishoni. Dai la kwanza ndilo uzio wenyewe. Maelezo marefu yaliyotangulia ni shamba tu. Dai likitaja sehemu tano na kifaa chenu kina nne, kwa kawaida mko nje ya uzio, ingawa mahakama za nchi nyingine huangalia pia kama mmebadilisha jina tu la ile ya tano. Angalieni na herufi iliyo baada ya namba: A mara nyingi ni maombi yaliyotangazwa tu, B ni hataza iliyokubaliwa. Namba inayoanza na WO ni maombi ya kimataifa, si hataza. Wengi wametishiwa kwa karatasi ya WO wakaacha kazi yao bure.

Sasa sabuni. Hapo nasema bila kuzunguka: hakuna uvumbuzi. Kuchemsha mafuta na magadi makali ni kazi ya kale, na hata njia za kutengeneza magadi ya kawaida kiwandani zilishalindwa na zikaachiwa zamani: Leblanc alipata hataza yake Ufaransa mwaka 1791, Solvay akafuata 1861. Mnachohitaji kulinda ni jina na nembo ya sabuni, na hiyo ni alama ya biashara, ambayo husajiliwa kwa miaka 7 kisha huhuishwa kwa miaka 10 kila mara. Ila wateja wenu wanalalamika kwamba mche mmoja unaunguza mikono na mwingine unateleza kama mlenda. Hilo halitibiwi na usajili wowote. Linatibiwa na mizani.

Gramu 1 ya mawese hula gramu 0.141 za kostiki soda, yaani yale magadi makali. Gramu 1 ya mafuta ya mise hula 0.176. Chukueni mchanganyiko wa gramu 700 za mawese na 300 za mise. Mawese yanataka 98.7, mise 52.8, jumla 151.5. Punguzeni asilimia 5 ili mafuta kidogo yabaki bila kuliwa na ngozi isiungue: 143.9. Kama mfuko unasema usafi ni asilimia 98, gawanyeni kwa 0.98, mpate gramu 147. Maji gramu 300 hivi. Soda huingia ndani ya maji, kamwe maji yasimwagwe juu ya soda, na chombo kiwe cha plastiki ngumu au chuma kisichoshika kutu. Sufuria ya alumini huliwa na soda na kutoa gesi ya haidrojeni, inayowaka. Subirini vyote vishuke hadi nyuzi 40 au 45, koroga mpaka uji ushike alama ya mwiko, mimina, kata baada ya siku moja au mbili, kisha acheni wiki nne mahali penye hewa.

Kipimo hiki kikigoma, chunguzeni mambo mawili. Kwanza mfuko wa soda ulioachwa wazi: unanyonya unyevu na hewa ya kaboni, kwa hiyo gramu 147 mnazopima si gramu 147 za soda, na sabuni inabaki ya mafuta. Pili mawese yaliyokaa sana. Yana asidi nyingi huru, na uji hushikana ghafla kabla hamjamimina. Mawese ya kienyeji yana maji na nyuzi pia; yapasheni moto maji yaishe, yachujeni, ndipo mpime.

Taa ya dagaa ina zaidi ya kusema, kwa sababu humo mna hatari. Betri za lithiamu zenye chuma na fosfeti zilitoka katika kazi ya John Goodenough na wenzake katika Chuo Kikuu cha Texas. Hataza zao za msingi za miaka ya 1990 zimekwisha muda. Nyinyi hata hivyo hamtengenezi seli, mnanunua. Seli hizo ni volti 3.2 kila moja. Nne zikifuatana zinatoa 12.8, na chaji yake inaishia 14.6. Seli zilizotolewa kwenye kompyuta mpakato ni aina nyingine, mwisho wake volti 4.2. Mkipanga tatu za kompyuta na kuzitia chaja ya 14.6, kila seli inasukumwa kuelekea 4.87. Hapo si suala la hataza tena, ni moto ndani ya mtumbwi usiku, katikati ya ziwa. Kila pakiti iwe na bodi ya ulinzi inayoangalia seli mojamoja, na msichanganye seli za zamani na mpya.

Wale wanaoendelea na betri za asidi: kinachopungua ndani yake ni maji, asidi inabaki. Ongezeni maji yaliyotoneshwa, si asidi, wala si ya ziwa. Betri ya volti 12 iliyopumzika saa chache ikisoma 12.1 hivi imebaki nusu. Irudi kwenye chaji siku hiyohiyo, maana salfeti ikishaganda kwenye bamba haitoki kirahisi.

Mashine ya kubangulia mise ndiyo yenye matumaini. Spana ile ya kurekebishika (mafundi wameibatiza jina ambalo siliandiki katika barua) ilikuwapo Uingereza tangu miaka ya 1840, lakini Johan Petter Johansson wa Sweden alipata hataza ya muundo wake mwaka 1892. Boresho pia hulindwa. Kama namna yenu ya kubadilisha upana wa taya kufuata ukubwa wa kokwa haimo katika hataza zilizotangulia, ulizeni BRELA kuhusu ile hati ndogo kuliko hataza, ya maboresho ya vifaa. Masharti yake ni mepesi na muda wake mfupi. Lakini video isirushwe kwenye kundi lolote, wala mashine isipelekwe Nane Nane, kabla maombi hayajaingia. Kitu kilichokwisha kuonekana na watu ni vigumu kukiita kipya. Na mise ianikwe vizuri kwanza, kiini kijitenge na ganda, la sivyo hata taya ya dhahabu itasaga vyote pamoja.

Nimalizie na namba za vifurushi. Msimbo wa mistari wa bidhaa madukani ulitungwa na Woodland na Silver. Waliomba hataza 1949, wakaipata 1952, ikaisha 1969. Bidhaa ya kwanza ilisomwa kwa mashine dukani huko Ohio mwaka 1974. Uvumbuzi uliwahi, soko likachelewa. Wenye msimbo wa QR, Denso Wave, waliutoa 1994 na wakatangaza kwamba hawatawadai wanaoutumia. Kwa hiyo vyote viwili tumieni.

Ila kwa maboksi yenu kalamu ya wino mzito inatosha, mkiongeza tarakimu ya ukaguzi kama ya barua za rejesta za posta. Andikeni tarakimu nane. Zidisheni kwa mfuatano 8, 6, 4, 2, 3, 5, 9, 7, jumlisheni, gawanyeni kwa 11, kisha toeni baki kutoka 11. Kwa 12345678 jumla ni 204, baki 6, jibu 5. Boksi linaandikwa 123456785. Mpokeaji wa Kasulu akiandika kwa makosa 12354678, jumla inakuwa 203 na jibu 6, naye anajua papo hapo kwamba amekosea kabla mzigo haujapewa mtu mwingine. Jibu likiwa 10 andikeni 0, likiwa 11 andikeni 5. Msiweke herufi TZ mwishoni. Hizo ni za posta.

Katibu wa kikundi akokotoe 47310826 kwa mkono, bila simu, anipe jibu Jumamosi. Nimeichagua makusudi: itamlazimu kukumbuka ile kanuni ya 10.

Mzee wenu,
Ujiji