Barua ya Wazi: Dawa Mpya ya Magugu Ijaribiwe Kwenye Majaruba Yetu

Kwa Mkurugenzi Mkuu,
Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania.

YAH: MAJARIBIO YA DAWA MPYA ZA MAGUGU YA MPUNGA

Ndugu Mkurugenzi Mkuu,

Tafadhali husika na kichwa cha barua hapo juu. Mimi ni mkulima wa mpunga Mbarali, na ninaomba kwamba dawa yoyote mpya ya magugu, kabla ya kusajiliwa kwa zao hili, ijaribiwe huku kwetu bonde la Usangu na pia Kyela kwa misimu isiyopungua miwili, katika majaruba ya wakulima wenyewe.

Dawa ya 2,4-D tuliyoizoea huua magugu ya majani mapana na baadhi ya jamii ya ndago, lakini huacha nyasi, nazo hujitanua palipoachwa wazi. Dawa mpya ikilinganishwa na jaruba lisilopaliliwa pekee haitakosa kusifiwa. Ilinganishwe pia na hiyo 2,4-D na jaruba lililopaliliwa kwa mkono, ndipo tujue kama mpunga uliookolewa unazidi bei ya chupa. Gugu la mpunga pori, kwa kuwa ni la jenasi moja na mpunga wetu, kwa kawaida hunusurika pale mpunga unaponusurika. Lebo iseme hivyo waziwazi, maana muuzaji hatasema.

Kyela ina adha yake. Gugu la kiduha huota kwenye mashamba makavu na gugu la mbosyo kwenye mabonde yenye unyevu, na yote mawili hunyonya mizizi ya mpunga. Kwa kuwa kiduha huanza kudhuru kabla hakijachomoza, kuhesabu magugu yanayoonekana baada ya kupulizia hakutoshi, mavuno yapimwe.

Maji nayo yasisahaulike. Yanayotoka kwenye majaruba yetu hurudi mitoni, yakaelekea ardhioevu ya Ihefu, Hifadhi ya Taifa ya Ruaha na bwawa la Mtera, na njiani humo watu huvua samaki na kunywesha mifugo. Masalia ya dawa yapimwe kwenye mifereji ya kutolea maji, kisha lebo itaje, kwa Kiswahili, siku ambazo jaruba lisifunguliwe, pamoja na kipimo cha dawa kwa bomba moja la mgongoni, kwani wengi wetu hupima kwa kifuniko cha chupa.

Mwisho, ninaomba matokeo yabandikwe kwenye ofisi za vijiji na za skimu za umwagiliaji kabla dawa haijafika madukani, yakiwemo ya majaruba ambayo dawa ilishindwa.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mkulima wa mpunga, Mbarali, Mbeya