Mama wa dagaa Kigoma naye anafanya biashara ya kimataifa

Mhariri,

Biashara ya kimataifa ikizungumzwa, wanaokumbukwa ni wenye makontena. Mama anayefungasha dagaa wa Ziwa Tanganyika kwenda kuwauza Burundi hatajwi, ingawa naye anavusha mali mpaka.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ina utaratibu rahisi kwa wafanyabiashara wadogo. Bidhaa iliyozalishwa nchi mwanachama na iliyo kwenye orodha iliyokubaliwa, yenye thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani, hupewa cheti cha uasili, yaani cheti cha kuonyesha ilikozalishwa, palepale mpakani na kusamehewa ushuru wa forodha. Asiyejua hilo humlipa dalali, au hupita njia za panya. Huko akinyang'anywa mzigo, atamshtaki nani? Naomba orodha hiyo ibandikwe kwenye kituo cha mpakani cha Manyovu na kwenye mialo yetu, kwa Kiswahili na Kiha, na maofisa waieleze kwa mdomo pia.

Kuna pia mikopo isiyo na riba ya halmashauri, ambayo wanawake wametengewa asilimia 4 ya mapato ya ndani. Ni jambo jema sana. Ila dagaa huvuliwa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka, uvuvi hupungua na fedha hukatika. Ratiba ya marejesho isiyojali mbalamwezi humlazimu mama kuuza mtaji wake. Maofisa maendeleo ya jamii wakae na vikundi vya wanawake waipange upya ratiba hiyo kabla ya awamu ijayo ya mikopo.

Msomaji wenu,
Ujiji, Kigoma