Kishikio kimoja kilichopotea: namna tunavyozitengeneza saraka za almari kongwe za mwaloni

Mteja anapotuletea almari kongwe iliyopoteza kishikio kimoja cha saraka, swali lake la kwanza, mara nyingi hata kabla mahamali hawajaitua chini, huwa ni bei ya kununua vishikio vipya vya almari nzima. Tunalielewa swali hilo, kwa sababu pengo la kishikio huonekana tangu mlangoni, na vishikio vipya vinavyofanana vinapatikana katika soko la Darajani, Unguja, kwa bei ambayo mtu anaimudu. Hata hivyo, ushauri wetu kwa karibu kila anayeuliza ni kwamba vile vilivyobaki visiguswe. Almari ya Kiingereza ya mtindo uliozoeleka, yenye saraka mbili fupi juu na tatu ndefu chini, mara nyingi huwa na vishikio vinane. Kikipotea kimoja, bado vipo saba vilivyozeeka pamoja na mbao yake, na kuving'oa saba kwa ajili ya kimoja ni kuiondolea almari sehemu ya umri wake ambayo hakuna fundi atakayeweza kuirudisha.

Tunazungumzia hapa samani za mwaloni kwa sababu ndizo zinazoharibiwa upesi zaidi na kishikio kisichofaa. Mwaloni si mti wa kwetu. Makasha mengi ya kale yaliyomo majumbani mwa Unguja na Pemba ni ya msaji na mbao nyingine zilizovuka bahari kutoka Bara Hindi, ilhali almari na meza za kuandikia za mwaloni tunazozipokea zililetwa hasa katika zama za himaya ya Waingereza, kati ya 1890 na 1963, kisha zikapita mikono mingi. Ukitaka kuutambua mwaloni, utazame uso wa saraka kwa mwanga wa pembeni: utaona vitundu virefu vyembamba vinavyofuata nyuzi za mti, na ikiwa ubao ulipasuliwa kuelekea kiini cha gogo, utaona pia mabaka yanayometa kama magamba ya samaki.

Ndani ya mti huo mna tanini nyingi, dutu ileile iliyomo katika magome ya mikoko ambayo watu wa pwani hii wameyatumia kwa muda mrefu kutia rangi na kutengenezea ngozi. Tanini ikikutana na chuma penye unyevu, hutoa weusi wa buluu usiofutika kwa maji wala sabuni. Wino wa kale ulitengenezwa kwa njia hiyohiyo. Sasa fikiri hali ya hewa ya kisiwani, yenye chumvi ya bahari mwaka mzima na unyevu wa masika kuanzia Machi hadi Mei. Tuliwahi kuletewa meza ya kuandikia ambayo saraka zake nne zilikuwa zimetiwa vishikio vya chuma kilichopakwa rangi ya dhahabu, vikakazwa kwa skrubu za chuma. Masika moja tu ilitosha. Chini ya kila skrubu palikuwa na mchirizi mweusi uliotelemka kama chozi la wanja, na weusi huo ulikuwa umezama ndani ya nyuzi kiasi kwamba msasa haukuufikia. Tuliupunguza kwa asidi ya oksaliki, lakini hatukuweza kuuondoa wote, na mwenye meza anaiona alama hiyo hadi leo kila anapokaa kuandika.

Kwa hiyo, ukienda dukani mwenyewe, nenda na sumaku ndogo. Shaba ya manjano, ambayo ni mchanganyiko wa shaba nyekundu na zinki, haishikwi na sumaku. Kishikio kikinasa, ndani yake ni chuma, hata kama juu kinang'aa namna gani, na hakifai kukaa juu ya mwaloni.

Tatizo la pili ni vipimo, na hapa ndipo madhara makubwa hufanyika kwa nia njema. Vishikio vya zamani vya Kiingereza vilipimwa kwa inchi, na umbali wa inchi 3 baina ya tundu na tundu ni sawa na milimita 76. Vishikio vingi vya kisasa hufuata mpango wa milimita 32 na mafungu yake, yaani 64, 96 au 128. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kitakachoingia katika matundu ya zamani, na fundi mwenye haraka huchukua keekee akatoboa mengine. Saraka iliyokuwa na matundu mawili inabaki na manne, na baada ya miaka michache, mtu mwingine akibadilisha tena, inakuwa na sita. Tunawaomba sana wateja wetu wasikubali kutobolewa tundu jipya kabla ya yale ya zamani kusomwa.

Tunasema kusomwa, kwa sababu saraka ina habari zake. Ukiichomoa na kuutazama upande wa ndani wa uso wake, utakuta matundu yaliyozibwa, alama za nati, pengine mikwaruzo ya waya uliopindwa, na kila kimoja kinaeleza aina ya kishikio kilichowahi kukaa hapo. Waya uliopindwa ni dalili ya vishikio vya matone, vinavyoning'inia kama kipuli, ambavyo vilitumika Uingereza katika karne ya 17 na mwanzoni mwa karne ya 18. Tundu moja pana katikati huashiria kirungu cha mti. Upande wa nje, hata pale ambapo bamba la shaba limekwisha kuondoka, huachwa kivuli chake: mbao iliyofunikwa haikupata mwanga, nta wala jasho la mikono, kwa hiyo rangi yake hutofautiana na ya jirani yake. Kivuli hicho tunakichora kwenye karatasi nyembamba kabla ya kugusa kitu kingine chochote.

Kama vishikio ndugu vipo, kazi ni kumtengeneza aliyekosekana. Tunakiazima kimoja, tunakigandamiza katika mchanga wa kalibu, kisha tunamimina shaba. Shaba hunywea inapopoa, kwa kiasi cha asilimia 1.5 hivi, maana yake kishikio cha milimita 76 kingetoka kikiwa kifupi kwa milimita 1 na zaidi kidogo. Kwa jicho hiyo si kitu, lakini kwa matundu mawili yasiyosogea ni jambo kubwa. Ndiyo maana tunamimina bamba na vidingo viwili, yaani vile vijiti vinavyopita katika matundu na kuushika mkono wa kuvutia, kila kimoja peke yake, na ule mkono unaoning'inia tunaukunja kutokana na fito ya shaba, tukiupima juu ya saraka yenyewe.

Kitu kipya hutoka kikiwa na mng'ao mkali. Tunakifunika kwa siku kadhaa katika ndoo yenye mvuke wa amonia mpaka kichukue rangi ya wenzake, na kazi hiyo tunaifanya mbali na almari, kwa kuwa mvuke huohuo huutia mwaloni weusi. Wapo wateja wanaopendelea vile saba visuguliwe kwa ukwaju na majivu ili vifanane na kipya. Uamuzi ni wao, lakini sisi tunasikitika kila tunapoombwa hivyo.

Skrubu za shaba ni laini na mwaloni ni mgumu. Ukiikaza moja kwa moja, hukatika kichwa na kubaki imenasa ndani. Tunatangulia kuingiza skrubu ya chuma ya ukubwa uleule, tunaitoa baada ya kufungua njia, kisha tunaipaka ya shaba nta na kuizungusha polepole kwa bisibisi ya mkono. Nyuma ya bamba jipya tunagonga mwaka wa kazi kwa tarakimu ndogo, ili yeyote atakayeinunua almari hiyo baadaye ajue kipi ni cha asili na kipi kilitoka kwetu.

Anayetaka huduma hii hana haja ya kubeba almari nzima. Inatosha kutuletea saraka iliyopungukiwa pamoja na kishikio kizima kutoka saraka nyingine. Tunaomba tu usiipige msasa wala usizibe matundu kabla hatujayaona. Na kabla hujatoka nyumbani, chomoa saraka zote, upapase sakafu ya ndani ya almari hadi pembe za nyuma, kwani vipande vya vishikio hudondokea huko na kulala chini ya vumbi kwa miaka mingi. Ukikipata, hata kikiwa vipande viwili, kifunge kitambaani uje nacho. Kukilehemu huchukua asubuhi moja, na gharama yake ni ndogo kuliko ya kumimina kipya.