Risala ya wahitimu wa uuguzi na maabara kwa Mgeni Rasmi, Chake Chake, Pemba

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Walimu wetu, wazee wetu na wageni waalikwa,
Assalaamu alaykum.

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha katika mahafali haya, na tunakushukuru wewe kwa kuitikia mwito wetu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tumechagua kukueleza jambo moja tu: sepsisi kwa mtoto mahututi, yaani maambukizi yanayoufanya mwili uanze kuviumiza viungo vyake wenyewe. Mwaka 2017 watoto wa chini ya miaka mitano wapatao milioni 20 duniani walikadiriwa kuipata, na milioni 2.9 kati yao walifariki.

Kwetu Zanzibar malaria imepungua sana, alhamdulillahi. Kwa hiyo mtoto akiletwa na homa, kipimo cha malaria kikasoma hasi, kazi ndiyo kwanza inaanza. Miguu ya baridi, kilio hakitoki vizuri, unabonyeza kidole chake na damu inachelewa kurudi. Mama anauliza, "Mwanangu ana nini, nesi?" Kuotesha damu, yaani kuiweka kwenye chupa maalumu ili vijidudu vilivyomo vikue, ndiko kutakakomtambua mdudu, lakini majibu huchukua siku moja hadi tatu. Mtoto huyu hana siku hizo.

Hapo ndipo viashiria vya damu, yaani vitu vinavyopimwa kwenye damu na kudokeza hali ya mgonjwa, vinapohitajika. Prokalsitonini, kiashiria cha maambukizi ya bakteria, huanza kupanda saa chache tu baada ya bakteria kuvamia. CRP, protini ya uvimbe na maambukizi inayotengenezwa na ini, hupanda kati ya saa 6 na 12 na kufika kileleni siku ya pili. Ikiwa chini mtoto anapofika, isimpoteze mtu, huenda imepimwa mapema mno. Irudiwe. Laktati, taka inayojaa kwenye damu seli zinapokosa oksijeni ya kutosha, haimtaji bakteria, ila inaonya kwamba damu haivifikii viungo ipasavyo, na vigezo vipya vya sepsisi ya watoto vya mwaka 2024 vimeizingatia pamoja na chembe sahani, zile chembe ndogo zinazozuia damu kuvuja, na kuganda kwa damu. Hakuna hata kimoja kinachotosha peke yake, wala hakichukui nafasi ya jicho la muuguzi. Mtoto aliyeingia kwenye shoki, yaani mzunguko wa damu umeanza kushindwa, apewe antibayotiki ndani ya saa moja, majibu yawe yametoka au hayajatoka.

Mheshimiwa, CRP na laktati hupimika kwa tone la damu ya kidole, pale pale kitandani. Tunaomba vifaa hivyo viwepo katika wodi za watoto za Unguja na Pemba, na vitendanishi, yaani kemikali za kupimia, visikatike, maana hapo ndipo mambo hukwama. Tunaomba pia chupa za watoto za kuoteshea damu, kwani mshipa wa kichanga hautoi damu ya kutosha chupa ya mtu mzima. Na maabara iwe na mtu usiku.

Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri, pale Wawi, inafanya kazi tangu mwaka 2000. Tunaomba wahitimu wapelekwe huko kujinoa zaidi kabla ya kupangiwa vituo.

Micheweni, Wete, Mkoani, popote mtakapotupangia tutakwenda.

Tunaomba kuwasilisha.